Meno Mawili ya Harusi

Jumatatu, 4 Novemba

Meno yamekaa! Mawili, ya mbele, ya juu. Skrubu zilikuwa ndani ya taya tangu Juni, na leo daktari Bonfanti kafungia meno yenyewe juu yake. Nimejitazama kwenye kioo cha gari mpaka mtu wa nyuma akapiga honi. Nikamgeukia nikamwonyesha.

Daktari kanipa karatasi ya masharti. Mswaki laini asubuhi na jioni. Kibrashi chembamba cha kupenya pembeni mwa jino. Uzi. Kusukutua. Nikamuuliza kama meno haya yanaoza. Kasema hapana, ila ufizi unaoyashika unaweza kuugua, ukiugua skrubu inalegea, ikilegea inang'olewa. Ile hapana niliisikia vizuri. Mengine yakapita. Nirudi Alhamisi ya tarehe 21 nikaguliwe.

Jumamosi tarehe 23 binti yangu Yamila anaolewa. Meno haya kanipa yeye. Aliuza pikipiki yake, siku hizi anakwenda kazini kwa miguu. Anachotaka ni kitu kimoja: picha moja ya baba yake akicheka. Hana hata moja. Mwaka 1994, yeye akiwa na mwaka mmoja, nilikuwa nafunga chupa ya sifoni, ile ya maji ya gesi ninayouza nyumba kwa nyumba, kichwa chake kikaniruka usoni na kuondoka na meno mawili. Tangu hapo nacheka mdomo umefungwa. Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwenye picha naonekana kama mtu aliyemeza funguo.

Jumanne, 5 Novemba

Nimefikiri barabarani kutwa nzima, kati ya mteja na mteja. Jino lisilooza linasafishwa la nini? Mimi sisafishi skrubu za mlango wangu, na mlango unafunga. Madaktari wanapenda kumpa mtu kazi.

Tatizo ni Yamila. Kila asubuhi anagusa mswaki wangu kuona kama umelowa. Miaka ishirini iliyopita nilikuwa nikimfanyia yeye hivyohivyo. Basi leo nimeuweka mswaki chini ya bomba, sekunde mbili, nikaurudisha kwenye kikombe. Kaugusa. Kanibusu shavuni, kasema hongera baba. Nikajisikia vibaya mpaka saa nne hivi.

Jumatano, 6 Novemba

Mswaki umelowa tena. Mambo safi.

Jioni kaja Hilario Tedesco, baba wa bwana harusi, mkwe mwenzangu wa baada ya wiki mbili na nusu. Alikuwa na bucha hapo mtaa wa pili. Ana miaka sabini na mmoja na meno yake yote mdomoni, na hakai mahali dakika kumi bila kukuambia. Alikuja kuzungumza habari ya nyama ya harusi. Akaula mkate wangu upande wa ganda, kwa makelele, akinitazama. Kisha akauliza kwa upole kabisa kama haya yangu nayavua usiku na kuyaweka kwenye glasi, kama marehemu shangazi yake.

Nikacheka. Mdomo wazi! Mara ya kwanza tangu 1994! Hilario akaacha kutafuna, nikajua nimemmaliza. Akanisogelea, akakaza macho. "Mkwe, una majani hapo."

Yerba! Kipande kizima cha chai yangu ya asubuhi, katikati ya meno ya binti yangu, saa kumi na mbili jioni. Nimezunguka nacho kwa wateja thelathini na wanne. Nikakumbuka doña Elba wa jirani alivyokuwa akinitazama kwa huruma. Sitakula chakula cha usiku.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekula. Lakini nimeamua: nasafisha. Si kwa sababu ya daktari. Kwa sababu ya Hilario.

Kile kibrashi chembamba cha daktari nimekitafuta bila kukiona. Nadhani nilikitumia kuzibua tundu la sifoni. Haidhuru! Jikoni, kando ya kibuyu ninachonywea yerba, kimetundikwa kibrashi cha kusafishia mrija wake wa kufyonzea. Nyumba gani hapa haina? Umbo ni lilelile, nywele zimezunguka waya. Ila hiki kirefu zaidi, kigumu zaidi, na kimesafisha mrija wangu wa chuma tangu Yamila akiwa shule ya msingi. Kinachong'arisha chuma kitashindwa skrubu? Ndiyo kwanza nikamhurumia daktari kwa kutolijua hilo.

Nimesugua dakika tano. Damu kidogo. Dalili kwamba kimefika mahali.

Ijumaa, 8 Novemba

Damu zaidi kidogo. Nimesugua zaidi ili iishe.

Yamila kauliza mbona yerba ya leo ina ladha ya dawa ya meno. Nikamwambia ni aina mpya. Kanywa kibuyu kizima, maskini.

Jumamosi, 9 Novemba

Ufizi umevimba. Upande wa kulia unapiga kama moyo. Si kosa la kibrashi. Kibrashi kimefanya kilichoweza. Kinachotakiwa ni nguvu ya maji.

Nimepita dukani kwa mwuza dawa. Ana mashine ya umeme inayorusha maji kati ya meno, inakaa kwenye sanduku lenye picha ya mwanamke mwenye furaha. Nikasimama mbele yake nikicheka kimoyomoyo. Maji yanayoruka kwa nguvu! Wananiuzia hayo mimi? Mimi, Evaristo Lencina, niliyepeleka sifoni kila nyumba ya upande huu wa reli kwa miaka arobaini?

Saa tano nilikuwa uani na sifoni mpya iliyojaa. Nikauingiza mdomo wa chupa kinywani mwangu, nikalenga, nikabinya.

Mungu wangu!

Maji yalitokea puani. Mengine yaliruka ukuta na kumpata doña Elba, aliyekuwa akianika. Kauliza kwa sauti nani anamwagia watu maji. Nikamjibu kwamba ni mvua. Mbingu nyeupe, jua kali, hakuna wingu hata la dawa. Lakini usafi! Gesi inachoma ufizi wote, unasikia kabisa uchafu unakimbia. Nimerudia mara tatu, chupa nzima. Najiuliza kwa nini hakuna aliyefikiria hili kabla yangu. Nimeshaandika na jina: Sifoni ya Meno Lencina. Wateja ninao tayari, gari ninalo, chupa ninazo. Hilario atakuja kuniomba kazi.

Jumapili, 10 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Nyama choma kwa akina Tedesco, familia mbili mezani, kufahamiana kabla ya harusi. Hilario kaanza tena habari za meno yake, jinsi anavyoyasugua kwa mswaki tu na maji ya bomba, basi. Nikaona hapa ndipo. Nikasimama. Nikawaeleza habari ya sifoni. Wakacheka, Hilario kasema haya mkwe, tuonyeshe. Sifoni ilikuwa mezani, nimeileta mwenyewe asubuhi, imejaa mpaka juu.

Nikabinya kwa fahari. Yaliyotoka mdomoni mwangu hayakuwa maji tu. Kitambaa cheupe cha meza, shati la Nazareno bwana harusi, bakuli la saladi. Vyote vyekundu. Mama Nazareno kainua mkono mdomoni. Hilario, niseme kweli, hakucheka. Kaja na barafu kwenye taulo na kunishikia yeye mwenyewe.

Yamila aliinuka. Akaenda jikoni. Nikamfuata baadaye na taulo langu, nikamkuta anaosha sahani ambazo zilikuwa safi. Nikamwambia si kitu, ni ufizi tu, utapona. Akasema bila kugeuka kwamba hakuwa anataka meno. Watu wanaishi bila meno. Alitaka picha moja tu, baba, moja, na wiki mbili hazijabaki.

Nimelala mchana wote nikitazama ukuta.

Jumatatu, 11 Novemba

Kwa daktari, saa mbili asubuhi, Yamila kanishika mkono kama mshukiwa. Daktari Bonfanti kanitazama mdomoni. Kauliza don Evaristo anasafishia nini. Nikajibu, kwa kila ulichoniagiza, daktari.

Yamila kafungua mkoba na kutoa kibrashi cha mrija. Kumbe alikiona! Kakiweka mezani, nywele zake za waridi kabisa. Daktari kakiinua kwenye mwanga. Kauliza kama hiki ndicho. Nikasema kinafanana. Kasema hata kamba ya kufungia ng'ombe inafanana na uzi wa meno.

Basi kaeleza, polepole, kwa Yamila, kana kwamba mimi sipo. Kibrashi cha jino la kupandikiza waya wake umevikwa plastiki. Cha mrija waya wake uko wazi, unakwaruza, na kwenye mkwaruzo ndiko utando wa uchafu unakojishikiza. Yamila kaongeza habari ya sifoni. Daktari kafumba macho. Kasema mashine ile ya dukani hupunguzwa nguvu iwe kama kijito, wala haina gesi. Sifoni yangu inasukuma uchafu ndani ya ufizi, mahali ambapo hakuna brashi itakayoufuata.

Habari njema: mfupa haujaguswa. Habari mbaya: tarehe 21 kama ufizi bado unatoka damu, atayafungua meno yote mawili ufizi upumzike. Yaani siku mbili kabla ya harusi. Yaani pengo. Nikauliza kama anaweza kuyafungua tarehe 24. Kasema ugonjwa hausomi kadi ya mwaliko.

Njiani Yamila kasema kuanzia leo anasafisha yeye. Nikasema mimi si mtoto. Kasema mtoto angelowesha mswaki vizuri zaidi. Basi hata hilo alilijua!

Jumatano, 13 Novemba

Saa moja asubuhi na saa mbili usiku, kiti cha uani, kichwa nyuma, taa machoni. "Baba, panua." Napanua. Anaweka mswaki laini kwa mshazari pale jino linapokutana na ufizi, anauzungusha taratibu, hasugui. Kisha kibrashi kidogo, kipya, kinaingia huku na kutoka huku bila kulazimishwa. Kikikataa anabadili chembamba zaidi. Kisha uzi, unapita nyuma ya jino na kuvutwa huku na huku, kama wale wang'arisha viatu wa stesheni. Kisha maji ya dawa, nisukutue, niteme. Yerba nainywa vuguvugu. Jamani, yerba ya vuguvugu! Punda wetu wa zamani asingeinywa.

Nimelalamika kwamba najiona farasi anayeuzwa mnadani. Kasema farasi angekuwa ameshanunuliwa.

Ijumaa, 15 Novemba

Jambo moja. Mtu akiwa na mswaki mdomoni hawezi kujibu. Yamila kaligundua hilo, na sasa anazungumza.

Leo kaniambia anaogopa. Si ndoa, Nazareno ni kijana mwema. Anaogopa kuniacha nyumba hii peke yangu, na kibuyu kimoja na kiti kimoja. Kasema tangu mama yake afe ninamwambia niko sawa, kila siku, mdomo umefungwa, na hajawahi kujua kama ni kweli. Nilitaka kumwambia niko sawa. Nilikuwa na uzi kati ya meno. Machozi yakanitoka, nikamwonyesha kwa kidole kwamba ni taa.

Kaisogeza taa. Yaliendelea kutoka.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimepata wazo. Daktari naye ni binadamu. Nimempelekea kreti ya sifoni sita nyumbani kwake, pamoja na maneno mazuri kuhusu marehemu mama yake, aliyekuwa mteja wangu. Nikagusia kwamba tarehe 21 macho yake huenda yakawa yamechoka kwa kazi nyingi.

Kapokea sifoni zote. Kashukuru sana. Kasema tukutane tarehe 21 saa tatu, na macho yake hayana neno.

Jumatatu, 18 Novemba

Damu tone moja. Yamila kaiona kwenye kibrashi, kaosha. Leo kanipa mswaki nijaribu mwenyewe, yeye ananishikia kioo. Kwa mshazari, baba. Taratibu. Husugui sufuria.

Sikulala vizuri. Nafikiria picha.

Alhamisi, 21 Novemba

Daktari kaingiza kile kifimbo chake chenye alama kandokando ya skrubu, kulia, kushoto, mbele, nyuma. Yamila kasimama mlangoni na koti mkononi, hataki kukaa. Daktari kasubiri. Katazama. Kasubiri tena. Mimi nilikuwa nimeshika mikono ya kiti mpaka vidole vikafa ganzi.

Hakuna damu.

Hakuna damu! Ufizi wa rangi ya waridi, umekaza, umeshika jino kama unavyotakiwa. Daktari kampongeza Yamila, kasema laiti wagonjwa wake wote wangekuwa na mikono hiyo. Yamila kakaa chini kwenye kiti cha wanaosubiri na kulia mbele ya watu. Nami nilimshika bega.

Naamini kreti imesaidia.

Jumapili, 24 Novemba

Imekwisha. Kaolewa.

Jana ofisi ya serikali saa tano, mchele wanaorushiwa maharusi mpaka ndani ya viatu. Usiku ukumbi wa klabu, mezani watu tisini. Kabla ya dansi ya waltzi mpiga picha katuita, baba na binti, mbele ya keki. Yamila na gauni la mama yake, limepunguzwa kiunoni. Sikuwa nimejiandaa kuliona gauni lile.

Mpiga picha kasema don, tabasamu. Nikatabasamu. Kasema hapana, cheka, onyesha meno. Wapi! Midomo haikufunguka. Nilikuwa na meno, nilikuwa na sababu, ufizi mzima, na midomo imegoma. Miaka ishirini na mitano nimeifundisha kufunga, itanisikiliza leo? Watu wakaanza kunichekesha. Hilario kacheza kwa tumbo. Shangazi mmoja kanitekenya. Kadiri walivyohangaika ndivyo nilivyokaza. Nikamwona Yamila anaanza kusema basi, haidhuru, baba, na haidhuru hiyo ndiyo aliyokuwa akiniambia siku zote nisijisikie vibaya.

Akanitazama. Kisha akasema, sauti ileile ya saa moja asubuhi, "Baba, panua."

Nikapanua! Kichwa nyuma, macho juu, mdomo wote, koromeo lote, mbele ya watu tisini! Mwili umejibu wenyewe, kabla sijafikiri. Yamila akapasuka kicheko mpaka akajikunja na gauni lake, nami nikaona nilivyosimama, nikacheka pia, mdomo ukiwa bado wazi, sikuweza kuufunga, nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mpiga picha alikuwa anabonyeza tu.

Leo Yamila kaniletea picha. Yeye kajikunja, mimi napaza kicheko kwenda darini, na meno mawili katikati, meupe. Ameibandika yeye mwenyewe ukutani, karibu na ya mama yake. Kasimama mbele yake muda mrefu.

Jumatano, 27 Novemba

Yamila amehamia kwake, mitaa kumi na mmoja toka hapa. Nyumba imetulia sana. Jana alikuja kuchukua sanduku la mwisho, akauliza kama sasa naweza kujisafisha mwenyewe.

Naweza. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Mshazari, kibrashi, uzi, naweza hata nikifumba macho. Mkono umejua wenyewe tangu wiki iliyopita.

Nikamwambia siwezi. Nikautetemesha mkono kidogo. Nikasema macho hayaoni, kibrashi kinapotea, sijajifunza kitu, mwanangu, mimi ni mtu wa kushikiwa kioo. Nilihesabu: asubuhi na jioni, mara kumi na nne kwa wiki, yerba vuguvugu, habari zake zote. Kanikumbatia. Kasema nisiwe na wasiwasi, hataniacha hivihivi, ameshajua la kufanya. Nilikaa nikifurahi mpaka saa ya kulala.

Leo saa moja kamili mlango umegongwa. Nikafungua nikiwa nimeshavuta kiti.

Hilario. Taa mkononi, kioo mkononi, mikono ya shati imekunjwa mpaka viwikoni. Yamila akipitia hapa toka kwake atachelewa kazini, kamwomba mkwe wake, naye kakubali kwa moyo mkunjufu, asubuhi na jioni, mpaka Krismasi. Kasema amekata nyama miaka arobaini na mitano, mkono wake hautetemeki. Kanisukuma kitini. "Mkwe, panua." Kisha, kwa kuwa siwezi kujibu, akaanza habari za meno yake, moja baada ya jingine, kutoka nyuma.

Lakini nimeshapata njia. Kesho nitamng'ata kidole. Kidogo tu, asiumie, atakimbia mwenyewe na Yamila atarudi. Nitatumia haya mawili ya mbele. Daktari kasema yameshika barabara.